Anwani ya IP Inapobadilika: Kinachokatika na Kinachobaki Salama

Huduma nyingi za umma ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kusafiri hadi makao makuu ya mkoa, na wakati mwingine hadi Dar es Salaam au Dodoma, sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Maombi ya kazi katika utumishi wa umma hupokelewa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hufanyika katika mfumo wa Bodi ya Mikopo. Zabuni za Serikali, tangu mwaka wa fedha 2023/2024, huwasilishwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST. Aidha, kuanzia msimu wa 2024/2025, minada ya korosho katika mikoa ya Kusini ilianza kuendeshwa kupitia mfumo wa kidijiti wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Kwa mkazi wa Rasbura, moja ya kata za Manispaa ya Lindi, mabadiliko hayo yamepunguza nauli, foleni na siku za kulala ugenini. Hata hivyo, yameleta pia usumbufu wa aina mpya. Mwombaji anaweza kuwa katika hatua ya mwisho ya kupakia cheti chake, au amekwisha kubonyeza kitufe cha kulipia, na ghafla ukurasa ukaganda. Alama za mtandao katika simu zinaonekana kamili, bando lipo, lakini kazi haiendelei. Wengi hudhani mfumo umeharibika, wengine huanza upya, na wapo wanaolipa mara ya pili.

Mara nyingi chanzo cha hali hiyo si kuharibika kwa mfumo wala kukosekana kwa mtandao, bali ni kubadilika kwa anwani ya IP ya simu au kompyuta wakati muunganisho ulikuwa umefunguliwa. Makala haya yanaeleza kwa nini mabadiliko hayo hukata muunganisho, ni mambo gani hupotea na yapi hubaki, na hatua anazopaswa kuchukua mwananchi ili asipoteze fedha wala nafasi.

Anwani ya kudumu na anwani ya kupangishwa

Wananchi wengi wanaikumbuka operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika nchini mwaka 2022, ambapo barabara na mitaa ilipewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Anwani ya makazi hufungamana na mahali. Mwenye nyumba akisafiri, namba ya nyumba yake haisafiri naye, na barua itaendelea kufika pale pale.

Anwani ya IP hufanya kazi inayofanana na hiyo: ni namba inayouwezesha mtandao kujua data itoke wapi na ifike wapi. Tofauti ni kwamba kwa watumiaji wengi wa kawaida anwani hiyo si mali yao na si ya kudumu. Hupewa kifaa kwa muda, kama chumba cha kupanga, na muda ukiisha au kifaa kikihamia mtandao mwingine, anwani hurudishwa na kupewa kifaa kingine.

Utaratibu huo una sababu zake. Anwani za mfumo wa zamani, yaani toleo la nne la IP, hazizidi 4,294,967,296 kwa dunia nzima, wakati idadi ya watu duniani imepita bilioni 8 na wengi wao wana kifaa zaidi ya kimoja. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia ya anwani hizo iligawanywa yote kwa taasisi tano za kikanda zinazosimamia ugawaji wake. Kwa Afrika taasisi hiyo ni AFRINIC, yenye makao yake nchini Mauritius, na ndiyo inayotoa mafungu ya anwani kwa kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, vyuo na taasisi za Serikali.

Kwa sababu ya uhaba huo, kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Simu ya mteja hupewa anwani ya ndani isiyotambulika nje ya mtandao wa kampuni, na mtambo wa kampuni huandika katika jedwali lake kwamba mazungumzo fulani ni ya mteja fulani. Hivyo ndivyo ilivyo pia nyumbani na ofisini: ruta moja huwa na anwani moja ya kutokea nje, na vifaa vyote vilivyounganishwa nayo hupewa anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168.

Namba nne zinazotambulisha muunganisho

Ili kuelewa kwa nini muunganisho hukatika, ni muhimu kujua jinsi unavyotambulika. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti bado hutegemea itifaki ya TCP, ambayo misingi yake ilichapishwa mwaka 1974 na wataalamu wa Marekani Vinton Cerf na Robert Kahn, na vigezo vyake vikawekwa rasmi Septemba 1981. Wakati huo kompyuta zilikuwa mashine kubwa zilizokaa chumba kimoja kwa miaka. Hapakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kompyuta ingetoka kwenye mtandao mmoja na kuingia mwingine ikiwa mfukoni mwa mtu aliyepanda bajaji.

Kwa mujibu wa itifaki hiyo, kila muunganisho hutambulika kwa namba nne: anwani ya IP ya kifaa cha mtumiaji, namba ya mlango unaotumika katika kifaa hicho, anwani ya IP ya seva, na namba ya mlango wa seva. Namba hizo nne kwa pamoja ndizo jina la muunganisho. Pande zote mbili huziandika mwanzoni mwa mazungumzo, na kila pakiti ya data inayofika hukaguliwa kwa kuzilinganisha nazo.

Ikibadilika hata moja kati ya namba hizo, kwa seva huo si muunganisho ule ule tena. Pakiti inayofika kutoka anwani mpya, hata kama imetoka kwenye simu ile ile na kwa mtu yule yule, huonekana ni ya mgeni asiye na mazungumzo yoyote yaliyokwisha kufunguliwa, na hukataliwa. Ukali huo una faida yake. Kama seva ingekubali kuendeleza mazungumzo na yeyote anayejitokeza kutoka anwani nyingine na kudai kuwa ndiye yule wa awali, ingekuwa rahisi kwa mhalifu kuyateka katikati.

Kwa upande wa pili, seva haipati taarifa kwamba mteja wake amehama. Huendelea kutuma majibu kwenye anwani ya zamani, na yasipopokelewa huyarudia tena na tena. Katika seva nyingi zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, marudio hayo huweza kuendelea kwa takriban dakika 15 kabla ya seva kuhitimisha kuwa upande wa pili haupo. Iwapo seva haina cha kutuma na inasubiri tu, inaweza kusubiri kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ukurasa huganda bila kutoa ujumbe wowote wa kosa: kila upande unadhani mwenzake bado yupo.

Njia kubadilika si sawa na anwani kubadilika

Ni vyema kutofautisha tatizo hili na lile la kukatika kwa njia za mawasiliano, kwa kuwa kwa mtumiaji yote mawili huonekana kama "mtandao umekata".

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayohudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika eneo la kusini mwa ukanda huu wa Bahari ya Hindi, na huduma za intaneti zikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Watoa huduma walilazimika kuelekeza data kwenye njia nyingine zilizokuwepo, na huduma ikarejea hatua kwa hatua.

Katika hali kama hiyo, kilichobadilika ni njia, wala si anwani. Mkazi wa Lindi anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa barabara. Barabara ya pwani kati ya Dar es Salaam na Lindi ikikatika kwa mafuriko, lori linaweza kuzunguka kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Litachelewa na litatumia mafuta zaidi, lakini mzigo utafika, kwa sababu mpokeaji bado yuko kwenye anwani iliyoandikwa. Intaneti ilibuniwa kwa namna hiyo hiyo. Pakiti za muunganisho mmoja zinaweza kupita njia tofauti, na muunganisho ukaendelea kuwa hai iwapo njia mbadala imepatikana mapema.

Anwani ikibadilika, hali ni kinyume chake. Barabara zote zinaweza kuwa wazi na mkongo ukawa mzima, lakini mzigo ukifika mlangoni unakuta mpangaji amehama na hakuacha habari alikokwenda. Kwa maneno mengine, mtumiaji anaweza kuwa na mtandao wenye kasi nzuri kabisa na bado kazi aliyokuwa akiifanya ikakatika.

Nyakati ambazo anwani hubadilika

Tukio la kawaida zaidi ni simu kuhama kutoka Wi-Fi kwenda bando, au kutoka bando kwenda Wi-Fi. Hiyo ni mitandao miwili tofauti, kila mmoja una anwani zake. Mwombaji aliyeanza kupakia nyaraka akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya duka la steshenari, kisha akatoka nje na simu ikahamia kwenye bando, amebadilisha anwani bila kugusa chochote. Simu janja nyingi hufanya uhamisho huo zenyewe kila zinapoona mawimbi ya Wi-Fi yamedhoofika, au kila zinapoikuta Wi-Fi zinayoifahamu.

Tukio la pili ni kuzima na kuwasha upya. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huanza upya na inaweza kupewa anwani mpya ya hadharani na mtoa huduma. Simu iliyowekwa katika hali ya ndege kisha ikatolewa nayo kwa kawaida hupata anwani mpya. Kubadilisha laini katika simu yenye laini mbili kuna matokeo hayo hayo, kama ilivyo kuwasha au kuzima programu ya VPN, kwa kuwa programu hiyo huifanya data ionekane inatoka kwenye anwani nyingine.

Tukio la tatu halionekani kabisa kwa mtumiaji. Mtambo wa kampuni ya simu unaoandika mazungumzo ya wateja wengi nyuma ya anwani moja hauwezi kuyahifadhi daima. Muunganisho ukikaa kimya kwa muda mrefu, maandishi yake hufutwa ili kutoa nafasi kwa wengine. Mwananchi aliyefungua fomu, akaiacha wazi na kwenda kutafuta namba ya cheti kabatini, anaweza kurudi na kukuta muunganisho umekufa ingawa hakuhama mtandao.

Yapo pia mambo ambayo wengi huyadhania kuwa chanzo, ilhali kwa kawaida siyo. Kuhama kutoka mnara mmoja wa simu kwenda mwingine, kwa mfano kwa abiria anayetoka Rasbura kuelekea Mingoyo, mara nyingi hakubadilishi anwani. Mitandao ya simu imejengwa ili mlango wa kutokea kwenda intaneti ubaki ule ule wakati simu inabadilishana minara. Vilevile, kuisha kwa muda wa kupangishwa anwani katika mtandao wa ofisi si tatizo kwa kawaida, kwa kuwa kifaa huomba kuongezewa muda mapema, pale nusu ya muda huo inapopita, na kikikubaliwa hubaki na anwani yake bila mtumiaji kujua.

Muunganisho hufa, kumbukumbu hubaki

Jambo la msingi ambalo mwananchi anapaswa kulitambua ni kwamba muunganisho, kikao na kumbukumbu ni vitu vitatu tofauti, na kukatika kwa kimoja si kupotea kwa vyote.

Muunganisho ni bomba la muda linalopitisha data. Huo ndio unaokufa anwani inapobadilika. Kikao ni hali ya mtumiaji kutambuliwa na mfumo baada ya kuingiza jina na nywila. Kwa kawaida kikao hutunzwa kwa alama maalumu inayohifadhiwa katika kivinjari, wala si kwa anwani ya IP, na ndiyo sababu mtu anaweza kuhama kutoka Wi-Fi kwenda bando na bado akajikuta ndani ya akaunti yake. Baadhi ya mifumo, hasa inayogusa fedha, hulinganisha pia anwani na humtaka mtumiaji kuingia upya inapoona imebadilika. Hatua hiyo ni ya usalama na haimaanishi kuwa akaunti imefungwa. Kumbukumbu, kwa upande wake, ni taarifa iliyokwisha kupokelewa na kuandikwa katika hifadhidata ya taasisi. Hiyo haifutwi na kubadilika kwa anwani ya simu ya mwombaji.

Kwa sababu hiyo, athari hutofautiana kulingana na kazi inayofanyika. Anayesoma habari katika tovuti huenda asitambue lolote, kwa kuwa kivinjari hufungua muunganisho mpya kimyakimya kila kinapohitaji ukurasa mwingine. Anayepakua faili kubwa anaweza kuendelea pale alipoishia iwapo seva inaruhusu. Anayepakia faili kubwa mara nyingi hulazimika kuanza upya, kwa sababu mifumo mingi haipokei faili kwa vipande. Mkutano wa video huganda kwa sekunde kadhaa kabla ya kuunganishwa tena. Kwa aliye katika mnada wa moja kwa moja au anayewasilisha zabuni dakika ya mwisho, sekunde hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kupata na kukosa.

Hatari ya kulipa mara mbili

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni malipo. Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa Rasbura anayelipia ada ya leseni kupitia programu ya benki katika simu yake. Amebonyeza kitufe cha kuthibitisha, na katika sekunde hiyo simu imehama kutoka Wi-Fi kwenda bando. Ukurasa umeganda. Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea.

La kwanza, ombi lake halikufika kwenye seva, hivyo hakuna fedha iliyotoka. La pili, ombi lilifika na malipo yakakamilika, lakini jibu lilitumwa kwenye anwani ya zamani na halikumfikia. La tatu, ombi lilifika na bado linashughulikiwa. Kwa mtu anayetazama kioo cha simu, hali zote tatu zinafanana. Ukimya wa ukurasa hauthibitishi kwamba malipo yameshindikana, wala hauthibitishi kwamba yamefanikiwa.

Hapa ndipo umuhimu wa namba ya kumbukumbu ya malipo unapoonekana. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba hiyo, maarufu kama "kontrol namba", inayotolewa kupitia mfumo wa Serikali wa kielektroniki wa kukusanya mapato, GePG. Namba hiyo imefungamanishwa na bili husika, wala haina uhusiano wowote na simu, mtandao au anwani ya IP iliyotumika wakati wa kulipa. Mlipaji aliyekatikiwa anaweza kuitumia namba ile ile kuhakiki kama bili yake imelipwa, awe kwenye mtandao wowote na kifaa chochote. Kosa linalowagharimu wengi ni kuomba namba mpya na kuilipia kabla ya kujua hatima ya ile ya kwanza. Mfumo utaziona kuwa bili mbili, na kurejeshewa fedha iliyozidi huchukua muda.

Ni vyema kufahamu pia kwamba malipo yanayofanywa kwa menyu ya simu, ile inayoanza kwa alama ya nyota na kuishia kwa alama ya reli, hayatumii anwani ya IP ya bando la mteja. Kuhama kati ya Wi-Fi na bando hakuyaathiri, ingawa menyu hiyo nayo ina ukomo wake wa muda. Vivyo hivyo, ujumbe mfupi wa uthibitisho kutoka benki au kampuni ya simu hausafiri ndani ya muunganisho ule uliokatika. Unaweza kufika hata pale ukurasa wa malipo ulipoganda, na ndiyo taarifa ya kwanza ya kuangaliwa.

Jitihada za kitaalamu

Wataalamu wa mawasiliano wameshughulikia kasoro hii kwa miaka mingi. Njia mojawapo ni kuiwezesha TCP kutumia mitandao zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, ili Wi-Fi ikipotea data iendelee kupita kwenye bando. Vigezo vya awali vya njia hiyo vilichapishwa mwaka 2013, na mwaka huo huo kampuni ya Apple ilianza kuitumia katika huduma yake ya Siri.

Hatua kubwa zaidi ni itifaki ya QUIC, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti Mei 2021. Katika itifaki hiyo, muunganisho hautambulishwi kwa anwani ya IP, bali kwa namba yake maalumu ya utambulisho. Simu ikihama mtandao, hutuma pakiti kutoka anwani mpya ikiwa na namba hiyo. Seva nayo huituma pakiti ya majaribio kwenye anwani hiyo kuhakikisha kuwa kweli kuna mtu upande wa pili, kisha mazungumzo huendelea. Kwa kuwa mawasiliano yote yamefichwa kwa usimbaji, mhalifu hawezi kujifanya kuwa mteja kwa kuiga namba peke yake. Toleo la tatu la itifaki ya kurasa za mtandao, lililopitishwa Juni 2022, limejengwa juu ya QUIC. Hata hivyo, faida hiyo hupatikana pale tu kivinjari, seva na mtandao wa katikati vyote vinapoiruhusu.

Baadhi ya watu huamini kuwa toleo la sita la anwani za IP, ambalo lilizinduliwa rasmi duniani tarehe 6 Juni 2012, litalimaliza tatizo hili. Toleo hilo linamaliza uhaba wa anwani, na linaondoa ulazima wa kuwabana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Lakini simu inayohama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bado itapata anwani mpya, na muunganisho wa TCP uliokuwa wazi bado utakatika.

Kwa hiyo wajibu mkubwa unabaki kwa wanaojenga na kusimamia mifumo. Mfumo wa huduma kwa umma unaotambua mazingira ya watumiaji wake huhifadhi fomu kila hatua inapojazwa, hupokea nyaraka kwa vipande ili kilichokwisha kufika kisitumwe tena, na hulipa kila ombi namba ya pekee ili likirudiwa kwa bahati mbaya lisihesabiwe mara mbili. Mfumo wa namna hiyo pia humwonesha mtumiaji waziwazi kama ombi lake limepokelewa, halijapokelewa au linashughulikiwa. Mambo hayo yana uzito mkubwa zaidi kwa mwombaji wa Lindi, Kilwa au Liwale anayetegemea simu moja na bando, kuliko kwa aliye ofisini mwenye waya usiobadilika.

Hatua za kuchukua

Mwananchi anaweza kujikinga kwa hatua chache zisizohitaji utaalamu. Kabla ya kuanza kazi nyeti kama kupakia nyaraka, kuwasilisha zabuni au kulipa, achague mtandao mmoja na kubaki nao hadi mwisho. Kama anatumia bando, azime Wi-Fi ili simu isihame yenyewe. Kama anatumia Wi-Fi, akae mahali mawimbi yalipo imara na asitoke kabla ya kupata uthibitisho. Asiwashe wala kuzima VPN katikati ya kazi.

Nyaraka ziandaliwe na kupunguzwa ukubwa kabla ya kufungua fomu, ili muunganisho usikae kimya wakati zinatafutwa. Pale ambapo mfumo una kitufe cha kuhifadhi, kitumike kila sehemu inapokamilika. Namba ya kumbukumbu ya malipo, pamoja na namba ya ombi, iandikwe kwenye karatasi kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Ukurasa ukiganda, asibonyeze kitufe cha kuwasilisha au kulipa mara kwa mara. Afungue ukurasa upya, aingie tena katika akaunti na kuangalia hali ya ombi lake. Kwa malipo, aangalie ujumbe mfupi na salio, kisha ahakiki bili kwa namba ile ile. Iwapo salio limepungua na bili bado haionekani kulipwa, awasiliane na benki au kampuni ya simu aliyoitumia pamoja na taasisi inayodai malipo, akiwa na namba ya kumbukumbu, kiasi na saa ya muamala.

Zaidi ya yote, maombi yasisubiri saa za mwisho. Kukatika kwa muunganisho saa tatu asubuhi, siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, ni usumbufu wa dakika chache. Kukatika huko huko saa tano na dakika hamsini na tano usiku wa siku ya mwisho kunaweza kumnyima mwombaji nafasi ya mwaka mzima, ingawa vyeti vyake vilikuwa kamili na bando lilikuwepo.